Fukwe za Barbados na Upepo Wake

Barbados ni kisiwa cha kilomita za mraba 431, takriban robo ya ukubwa wa Unguja. Urefu wake kutoka kaskazini hadi kusini ni kama kilomita 34, na upana hauzidi kilomita 23. Huhesabiwa pamoja na nchi za Karibi, lakini kimejitenga na safu ya visiwa vingine. Jirani yake upande wa magharibi, St Vincent, yuko umbali wa kilomita 160 hivi, na upande wa mashariki hakuna nchi kavu nyingine mpaka Afrika. Kwa hiyo maji yanayokipiga kisiwa hiki ni ya Atlantiki, na anayetaka kuchagua ufukwe mzuri hana budi kuanza na upepo. Majina ya hoteli yanaweza kungoja.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wamezoea kuishi kati ya kusi na kaskazi, pepo zinazopishana na kuugeuza mwaka mzima wa bahari. Barbados haina mgeuko huo. Upepo wake hutoka mashariki mwezi baada ya mwezi, ukipungua na kuongezeka, lakini hauhami upande. Kwa lugha ya mabaharia wa majahazi, pwani ya mashariki iko joshini na ya magharibi iko demani, siku zote. Mawimbi yaliyosukumwa na upepo kwa maelfu ya kilomita huvunjikia mashariki kwa kishindo, huku magharibi, nyuma ya mgongo wa kisiwa, maji yakikaa kimya karibu mwaka mzima. Pwani ya kusini imekaa katikati ya hali hizo mbili. Mtu anaweza kuoga katika bahari tatu tofauti kwa siku moja, tena kwa mwendo wa gari usiofika saa moja kati ya upande mmoja na mwingine.

Jambo la pili litakalomshangaza mgeni aliyezoea Paje au Watamu ni maji kupwa na kujaa. Zanzibar, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita nne, na bahari hukimbia mbali hadi watu wakatembea juu ya mchanga ulio mtupu. Barbados tofauti hiyo ni nadra kufika mita moja. Hakuna haja ya kupanga siku kwa kufuata saa za maji, isipokuwa katika sehemu chache za mashariki, ambako vidimbwi vya kuogea kati ya miamba huwa salama maji yakiwa yamepwa tu.

Sehemu kubwa ya kisiwa, kama asilimia 85, imefunikwa na tabaka la chokaa lililotokana na matumbawe. Ndiyo sababu mchanga wa magharibi na kusini ni mweupe na laini: ni mabaki ya matumbawe, kaa na konokono waliosagwa na bahari, pamoja na yale yanayotafunwa na samaki wanaokwangua miamba. Kaskazini-mashariki, katika eneo liitwalo Scotland District, tabaka hilo limekwisha kumomonyoka na kuacha udongo wa mfinyanzi na mawe ya mchanga ya zamani zaidi, na huko fukwe hubadilika rangi kuelekea kahawia. Kwa kuwa mvua huzama ndani ya chokaa badala ya kutiririka kwenye mito mikubwa, bahari haichafuliwi na matope kwa muda mrefu, ingawa siku moja au mbili baada ya mvua kubwa maji ya magharibi huweza kuwa na ukungu.

Pwani ya magharibi, kutoka Bridgetown hadi mji mdogo wa Speightstown, ndiyo inayofaa watoto, wazee na yeyote asiyejua kuogelea vizuri. Ukiacha Holetown, mahali Waingereza wa kwanza walipofanya makao mwaka 1627, barabara inafuatana na bahari, na kati yake na maji zimejipanga nyumba za kifahari na hoteli za bei kali. Fukwe zenyewe ni nyembamba: Paynes Bay, Mullins, Gibbes, Batts Rock. Mahali pengine mawimbi yamekula mchanga hadi kwenye kuta za nyumba, na mgeni aliyetazama picha za zamani anaweza kukuta sehemu aliyoitarajia imebaki hatua chache tu. Paynes Bay bado ina nafasi, na hapo ndipo boti hupeleka watu kuogelea pamoja na kasa. Kasa hao wamezoea kulishwa na wenye boti, na kwa hiyo huja karibu mno. Ni tabia isiyowafaa wanyama, kwani huwafundisha kukimbilia injini. Aliye na miwani ya kuzamia na subira anaweza kuwaona asubuhi na mapema bila kulipa boti, wakila nyasi za baharini.

Holetown pia ina hifadhi ya bahari ya Folkestone, iliyoanzishwa mwaka 1981. Karibu na ufukwe kuna miamba ya kuzamia kwa miwani, na mbali kidogo, kwenye kina kinachofika mita 40 hivi, imelala Stavronikita, meli ya mizigo ya Kigiriki iliyoungua moto mwaka 1976 na kuzamishwa makusudi mwaka 1978 iwe makazi ya samaki. Hiyo ni ya wazamiaji wenye mitungi na vyeti. Wengine watosheke na Carlisle Bay, ghuba pana iliyo ubavuni mwa Bridgetown, ambako mabaki ya meli kadhaa yamelala katika maji ya kina kifupi, na mojawapo, Berwyn, imekuwa chini tangu 1919. Mtu anayeelea juu kwa miwani tu huona mbavu zake zimeota matumbawe, na samaki wadogo wenye mistari wakiingia na kutoka.

Kama mgeni ana siku moja tu, Carlisle Bay ndiyo jibu. Fukwe zake, Brownes na Pebbles, zina mchanga mpana kuliko sehemu nyingi za magharibi, maji yametulia, vivuli vipo, na kituo cha mabasi hakiko mbali. Isitoshe, ni ufukwe wa wenyeji. Alfajiri, kabla ya kwenda kazini, wazee wa Bridgetown huingia majini hadi mabegani, kofia kichwani, wakazungumza siasa na kriketi nusu saa nzima bila kuogelea hata kidogo. Farasi wa mashindano kutoka uwanja wa Garrison huletwa kuogeshwa hapo jua linapochomoza. Anayefika saa nne, meli za kitalii zikiwa zimeshusha abiria, atakuta vitanda vya kuotea jua vimejaa na muziki umepanda.

Kusini mambo huchangamka. Accra, ambayo pia huitwa Rockley, Worthing na Dover zina mawimbi ya kiasi, yanayomfaa kijana anayejifunza kuteleza kwa ubao na yanayomchosha kidogo mtoto mdogo. Worthing ina mwamba mbele yake unaovunja nguvu ya maji, na hivyo ni tulivu kuliko jirani zake. Huku ndiko nyumba za kulala za bei ya kadiri zilipo, pamoja na maduka na vibanda vya chakula, na njia ya mbao kando ya bahari inayopendwa na watembeaji wa asubuhi. Mbele zaidi kuna Oistins, kijiji cha wavuvi ambako Ijumaa usiku jodari, nduaro na fulusi huchomwa hadharani na watu hucheza dansi hadi usiku mwingi. Ufukwe wa Miami, ulio karibu, umegawanyika sehemu mbili, moja ya maji tulivu na nyingine ya mawimbi, na familia zenye watoto wa rika tofauti huupenda kwa sababu hiyo. Ukifika ncha ya kusini, Silver Sands, upepo unakuwa mkali, na bahari hujaa watu wanaovutwa juu ya mbao zao na tiara kubwa. Asiyecheza mchezo huo hana la kufanya pale ila kutazama.

Kuanzia hapo pwani inapinda kuelekea kaskazini-mashariki na majabali yanaanza. Crane ni ghuba chini ya jabali, mchanga wake una wekundu wa mbali sana kutokana na vipande vya viumbe wa miambani, na juu yake kuna hoteli iliyofunguliwa mwaka 1887. Mawimbi yake ni ya kuchezea kwa mwili, si ya kuogelea kwa utulivu. Bottom Bay, kaskazini kidogo, ni mandhari inayochapishwa kwenye kadi za posta: minazi michache, kuta za jabali pande mbili, na mara nyingi hapana mtu. Upweke huo ndio hatari yake, kwani mkondo unaorudi baharini ni mkali na hakuna mlinzi wa waogeleaji. Ni mahali pa kukaa mchangani na chakula cha mchana, basi.

Pwani ya mashariki yenyewe haistahili kuachwa kwa sababu tu haiogeleki. Pengine ndiyo sehemu nzuri kuliko zote kisiwani. Bathsheba ina miamba mikubwa ya matumbawe iliyomeguka kutoka juu zamani na kuliwa na bahari kwa chini, hadi kila mmoja umesimama kama uyoga. Mbele yake wimbi linaloitwa Soup Bowl huwavuta mabingwa wa kuteleza kwa ubao kutoka duniani kote, hasa Septemba hadi Novemba. Wenyeji huoga hapo kwenye vidimbwi kati ya miamba, wameketi, maji ya povu yakiwapita kifuani. Kati ya 1881 na 1937 kisiwa kilikuwa na reli iliyoanzia Bridgetown na hatimaye ikafika pwani hii, na watu wa mjini walipanda gari moshi kuja kupunga upepo. Njia yake ya zamani kati ya Bathsheba na Bath sasa ni ya kutembea kwa miguu, bahari ikiwa upande mmoja na mlima upande mwingine. Mwisho wa matembezi hayo ni zawadi: Bath, chini ya mivinje, ina mwamba unaoizunguka na kuifanya kuwa sehemu adimu ya mashariki ambapo mtoto anaweza kuingia majini.

Kaskazini kabisa hakuna fukwe za maana. Kuna majabali na pango la Animal Flower, ambalo lina kidimbwi cha kuogea ndani kinachotazama bahari, na hufungwa mawimbi yakiwa makubwa.

Majira hubadilisha ramani hii kidogo. Desemba hadi Mei ni kiangazi na ndio msimu wa watalii wengi na bei za juu. Hata hivyo, katika miezi ya mwanzo wa mwaka dhoruba za Atlantiki ya kaskazini hutuma mawimbi marefu yanayozunguka ncha ya kisiwa na kuichafua ile pwani ya magharibi inayosifiwa kwa utulivu, wakati mwingine kwa siku kadhaa. Hapo afadhali kwenda kusini. Msimu rasmi wa vimbunga ni Juni hadi Novemba. Kwa kuwa kiko mashariki mwa safu, Barbados mara nyingi huponea chupuchupu, lakini si daima: tarehe 1 Julai 2024 kimbunga Beryl kilipita kusini yake na kuvunjavunja sehemu kubwa ya boti za wavuvi.

Tangu 2011 pamekuwa na tatizo jingine, mwani wa kahawia uitwao sargassum, unaoelea kwa mashuka makubwa kuvuka Atlantiki na kutua mashariki na kusini, zaidi kati ya Machi na Agosti. Ukioza hutoa harufu ya mayai mabovu. Mwaka wenye mwani mwingi, Crane inaweza kufunikwa leo na kuwa safi baada ya wiki, ilhali Paynes Bay haina hata jani. Asubuhi ya safari ni busara kuuliza wenyeji.

Fukwe zote ni za umma kisheria, hata zilizo mbele ya hoteli ghali kabisa. Ugumu uko kwenye kuzifikia, kwa kuwa njia za kupita kati ya kuta za nyumba za magharibi ni nyembamba na nyingine zimefichika. Mwenye hoteli anaweza kutoza kitanda na mwavuli, lakini hawezi kumzuia mtu kutandika kanga yake mchangani. Usafiri ni rahisi: magari hupita kushoto kama Kenya na Tanzania, mabasi na magari madogo yanayofanana kwa tabia na daladala hufika karibu kila pwani, nauli ni moja kwa safari fupi na ndefu, na vituo vimeandikwa kama gari linaelekea mjini au linatoka mjini. Dola mbili za Barbados ni sawa na dola moja ya Marekani, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1975.

Bendera nyekundu ufukweni maana yake ni kutoingia majini, na walinzi hawabishiwi. Kando ya mchanga, hasa magharibi, huota mti wa manchineel, wenye matunda yanayofanana na tufaha dogo la kijani. Utomvu wake huunguza ngozi, tunda lake ni sumu, na kusimama chini yake mvua ikinyesha huweza kutoa malengelenge. Mingi imepakwa mkanda wa rangi nyekundu shinani, lakini si yote, hivyo watoto waonywe kabla ya kukimbilia kivuli. Usiku, kati ya Mei na Novemba, ng'amba hupanda mchangani kutaga, hata mbele ya hoteli za Bridgetown. Taa za nyumba huwapoteza watoto wao, wakaelekea barabarani badala ya baharini, na kikundi cha chuo kikuu kinachowalinda tangu 1987 hupokea simu za watu waliowaona. Nguo za kuogea ni za ufukweni tu, si za dukani wala ndani ya basi. Na mavazi yenye mabaka ya kijeshi, hata ya mtoto, yamekatazwa na sheria kwa raia na wageni.