Udongo Hauna Ugonjwa? Matope ya Uvira na Majina ya Magonjwa Yake

Mzungumzaji wa Kiswahili anapotaja udongo na anapotaja matope, mara nyingi anataja kitu kile kile, kimoja kikiwa kimezidi maji tu. Lakini hukumu anazotoa ni mbili. Udongo hujenga nyumba na kufinyanga chungu. Huuzwa sokoni kwa wajawazito wanaoutamani, na binadamu mwenyewe husemwa kwamba aliumbwa kwa udongo. Matope ni aibu. Anayechafuliwa jina amepakwa matope. Kwetu Uvira, ambako wengi husema pia potopoto, mgawanyo huu unasikika kila siku. Fundi mmoja wa matofali, niliyemkuta amezama hadi magotini akikanyaga udongo wake, alinijibu bila kusita: "Mwanangu, udongo hauna ugonjwa. Ugonjwa uko katika uchafu."

Kwa maana za maneno, mzee huyo hajakosea. Kwa vijidudu, tofauti hiyo haipo. Makala haya yanaeleza jinsi tope linavyomwambukiza mtu anayezama ndani yake, na kwa nini majina ya magonjwa hayo katika Kiswahili mara nyingi hayamwonyeshi mtu ugonjwa umeingilia wapi.

Kwanza, nani anazama katika matope? Kwingineko watu hulipa ili wapakwe. Korea Kusini kuna tamasha zima la matope katika mji wa Boryeong, lililoanza mwaka 1998. Kwetu ni kazi au ni msiba. Uvira imebanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika, na mito ya Kalimabenge, Mulongwe na Kavimvira inashuka moja kwa moja katikati ya watu. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mito hiyo ilifurika. Zaidi ya watu 40 walifariki, makumi ya maelfu walipoteza makazi, na mtambo wa kusafisha maji ya mji uliharibika. Baadaye ziwa lenyewe likapanda, na mwaka 2024 maji yaliingia tena katika nyumba za ufukweni. Waliobaki walitoa matope ndani ya nyumba kwa majembe, kwa ndoo, na kwa mikono mitupu. Ukiongeza wafyatua matofali na wakulima wa mpunga katika bonde la Rusizi, utaona kwamba kwa watu wengi wa hapa tope si ajali ya siku moja.

Matope ya mafuriko si udongo na maji tu. Yamebeba vyoo vilivyobomoka, mizoga, mkojo wa panya, misumari na vipande vya mabati. Hata hivyo, si kila kilichomo humdhuru mtu kwa njia moja, na hapa ndipo maelezo mengi ya afya huishia kusema "matope ni machafu, osheni mikono", jambo ambalo ni kweli lakini ni nusu ya habari.

Kuna vijidudu ambavyo havihitaji kidonda. Viluwiluwi vya minyoo ya safura hutoboa ngozi nzima, hasa katikati ya vidole vya miguu, vikasafiri kwa damu hadi mapafuni, vikapanda kooni, vikamezwa, kisha vikakaa katika utumbo na kunyonya damu. Hupenda udongo wenye unyevu na kivuli uliochafuliwa na kinyesi siku chache kabla. Tope lililojaa maji kabisa huvinyima hewa. Kwa hiyo mguu mtupu kwenye ukingo wa shimo, nyuma ya choo au chini ya migomba, unaweza kuwa hatarini kuliko ule uliozama katikati ya shimo. Neno safura lenyewe limetoka katika Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya umanjano. Linataja rangi ya mgonjwa aliyeishiwa damu, yaani mwisho wa safari. Mguu haumo katika neno hilo.

Kichocho nacho huingia kupitia ngozi nzima, ila chenyewe kinahitaji maji na konokono. Mfereji wa mpunga unaotiririka polepole na wenye majani humfaa sana konokono huyo. Vijidudu hutoka kwake mchana, jua linapokuwa kali, na visipompata mtu hufa kwa muda wa siku moja hivi. Hapa lugha inatupa tatizo la kweli. Msemaji wa pwani akisikia kichocho hufikiria mkojo wenye damu, na kwa Unguja na Pemba yuko sahihi, kwa sababu aina ya kule hushambulia kibofu. Aina inayojulikana katika bonde la Rusizi hukaa katika mishipa ya utumbo. Damu, ikionekana, huonekana katika kinyesi, na baada ya miaka ini na wengu huvimba. Mtu wa Kiliba anayetafsiriwa tangazo lililoandikwa kwa ajili ya pwani ataangalia mkojo wake, ataona ni safi, na atajiona mzima. Neno ni moja na dawa ni moja, prazikwanteli, lakini dalili aliyoambiwa aitafute si yake. Sioni sababu ya kuliacha neno hilo bila kuongeza "cha tumbo" au "cha kibofu" kila linapoandikwa kwa umma.

Kundi la pili linahitaji mlango uliofunguliwa: mchubuko, mwiba, msumari. Mbegu za bakteria wa pepopunda zipo katika udongo wa dunia nzima, ule wa heshima na ule wa aibu. Zikizikwa ndani ya kidonda chembamba kisicho na hewa, huamka na kutoa sumu inayokaza misuli. Dalili huanza kwa kawaida kati ya siku ya 3 na ya 21, wakati kidonda pengine kimeshafunga. Jina limeunganisha pepo na punda. Linamweleza mgonjwa aliyekakamaa, na kwa anayelisikia bila maelezo linaelekeza kwa pepo kabla ya kuelekeza kwenye msumari. Chanjo ipo. Watoto huipata wakiwa wachanga na wanawake huiongezewa wanapokuwa na mimba. Wanaume wazima, ambao ndio wengi katika mashimo ya matofali, hawana ratiba yoyote inayowarudisha kwenye sindano.

Leptospira huishi katika figo za panya na wanyama wengine na kutoka kwa mkojo. Huingia kwa michubuko, kwa macho, kwa mdomo, na ngozi iliyolainika kwa kukaa majini kwa saa nyingi huirahisishia kazi. Mwaka 2022 ugonjwa huu ulipotokea Ruangwa, mkoani Lindi, wizara ya afya ya Tanzania iliutangaza kwa jina la homa ya mgunda. Mgunda ni shamba katika lugha za kusini kule. Kwa mwanafunzi wa lugha hili ni jambo la kufurahisha: hatimaye jina linalosema ugonjwa unapatikana wapi. Lakini lilivyo, lingemdanganya mtu wa Uvira, kwa sababu kwetu panya na tope wako mtaani na chumbani pia.

Mdomo ndio mlango unaojulikana zaidi, kwa kuwa Uvira imeishi na kipindupindu, au kolera kama tunavyosema, kwa miongo mingi, na baada ya mafuriko ya 2020 wakazi walichanjwa kwa wingi. Watu wanajua kutokunywa maji ya mto. Wanachosahau ni kwamba anayefanya kazi ndani ya tope hulimeza bila kunywa: jasho linafutwa kwa mkono, sigara inawashwa, mtoto anarushiwa kitonge. Nevada, Marekani, mwaka 2012, watu walioshiriki mbio za vikwazo katika matope waliugua kuhara kwa bakteria wa kampilobakta kwa sababu ya kumeza kidogo tope lililochafuliwa na kinyesi cha wanyama. Walikuwa watu wenye afya.

Buti za mpira na glavu husaidia, anayezipata. Asiyezipata afunike vidonda kabla ya kuingia, aoge kwa maji safi na sabuni akitoka, na asiache mwiba ndani ya mguu hadi kesho. Tatizo kubwa zaidi liko kwenye kituo cha afya. Homa ikipanda, mgonjwa husema mwenyewe "nina malaria", anapewa dawa ya malaria, na mazungumzo yanaishia hapo. Leptospira hutibika kwa dawa za kawaida za bakteria ikiwahiwa, ila huanza kwa homa ile ile, pamoja na maumivu makali ya misuli ya ndama za miguu na macho mekundu. Mwuguzi akiuliza "umekanyaga matope?", fundi wa matofali atajibu hapana, kwa kuwa yeye alikanyaga udongo. Aulizwe kuhusu udongo, shimo, mfereji na kusafisha nyumba, kila kimoja kwa jina lake, na asiulizwe wiki hii tu, kwani leptospira inaweza kukaa mwilini hadi siku 30 kabla ya homa ya kwanza.