Kusoma Tena Si Kukumbuka

Wengi wetu mtihani ukikaribia hurudia daftari mara tatu, nne, tukaamini tumeiva. Mwaka 2006, watafiti Roediger na Karpicke wa Marekani waliwapima wanafunzi. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza: walikumbuka asilimia 81, wenzao 75. Wiki moja baadaye mambo yaligeuka. Wale waliofunika maandishi na kuandika walichokumbuka walibaki na asilimia 56. Waliorudia kusoma, 42. Kurudia kunatudanganya kwa sababu maneno huzoeleka machoni tu. Basi tufunge daftari, tujiulize, tukosee, ndipo tufungue. Tena tulale: usingizini ubongo huimarisha tuliyojifunza. Kukesha na tochi chini ya blanketi (mabwenini tunajuana!) hukatiza kazi hiyo.