Je, Wajua? Kiongozi Anayejitukuza Hukamilishwa na Wafuasi Wake

Je, wajua kwamba unarsisi, yaani hali ya nafsi ambapo mtu hujitukuza kupita kiasi na kuhitaji sifa zisizokoma, haumpi kiongozi mamlaka pasipo wafuasi wenye mahitaji yanayolingana na yake? Jerrold Post, daktari Mmarekani wa magonjwa ya akili aliyechambua haiba za viongozi wa kigeni kwa ajili ya shirika la ujasusi la CIA, aliufananisha uhusiano huo na kufuli na ufunguo: kiongozi mwenye njaa ya kusifiwa hukutana na wafuasi wenye njaa ya mtu mkamilifu wa kumtegemea. Njaa hii ya pili huzidi wakati wa vita, fedheha ya taifa au msukosuko wa uchumi, ambapo hata watu wenye nafsi imara huvutwa kwa muda, huku kiongozi akimtwisha adui lawama zote na kumhesabu kila mkosoaji kuwa msaliti. Kwa mfano, nchini Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo), enzi za Rais Mobutu Sese Seko, taarifa ya habari ya televisheni ilitanguliwa na picha ya uso wake ukishuka kutoka mawinguni, hivyo kumtukuza kiongozi kukafanywa sehemu ya maisha ya kila siku ya raia.