Rubani mpya ajiunge na shirika lipi la ndege?

KIJANA anapohitimu mafunzo ya urubani, watu wa nyumbani huamini kuwa safari imefika mwisho. Shamba limeuzwa au mkopo umechukuliwa, leseni imepatikana, na kilichobaki ni kuvaa sare. Ukweli ni kwamba uamuzi mgumu ndio kwanza unaanza: ajiunge na shirika gani?

Uamuzi huo una uzito kwa sababu leseni ya kwanza ni ya kuanzia tu. Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, leseni ya rubani wa biashara hupatikana kwa saa 200 za kuruka, au 150 kwa aliyesoma kozi maalumu iliyoidhinishwa. Lakini anayetaka kuwa rubani mkuu wa ndege kubwa za abiria anahitaji leseni ya juu zaidi, ambayo hutolewa kwa mwenye saa zisizopungua 1,500.

Hesabu yake ni rahisi. Mwenye saa 200 anadaiwa saa 1,300. Akiruka saa 50 kwa mwezi, atazimaliza kwa miaka miwili na miezi miwili. Akiruka saa 20, atahitaji zaidi ya miaka mitano. Kwa hiyo, swali la kwanza la kumwuliza mwajiri si mshahara, bali ni saa ambazo marubani wake wapya huruka kwa mwezi.

Njia ya kwanza ni kampuni ndogo. Nchini Tanzania, kampuni kama Coastal Aviation na Auric Air hutumia ndege aina ya Cessna Caravan, yenye injini moja na inayobeba abiria wapatao 12, kwenda visiwani na katika hifadhi za wanyama.

Faida yake ni kwamba kijana anaweza kukabidhiwa ndege mapema. ICAO hutaka mwombaji wa leseni ya juu awe na saa 250 akiwa mkuu wa ndege, ingawa sehemu yake inaweza kuwa chini ya usimamizi. Aidha, kutua kwenye viwanja vifupi vya changarawe humfundisha kufanya uamuzi bila kumtegemea mtu mwingine.

Hata hivyo, safari hizo ni fupi. Kutoka Dar es Salaam hadi Unguja ni takriban dakika 20, hivyo rubani anaweza kuruka na kutua mara nyingi kwa siku, lakini akaandika saa chache. Msimu wa masika watalii hupungua, na saa hupungua pamoja nao.

Lipo pia jambo ambalo wengi hulisahau. Caravan imeidhinishwa kurushwa na rubani mmoja. Anayeajiriwa kukaa kiti cha kulia anapaswa kuiuliza mapema mamlaka ya usafiri wa anga ni sehemu gani ya saa zake itakayohesabiwa, la sivyo anaweza kufanya kazi mwaka mzima na kuambulia nusu.

Njia ya pili ni mashirika makubwa. Precision Air hutumia ndege za ATR. Air Tanzania ina Dash 8 Q400 za abiria 76, Airbus A220 za abiria 132 na Boeing 787 za abiria 262. Humo marubani huwa wawili, na kijana huanza kama msaidizi. Hujifunza kazi ya pamoja, taratibu kali na safari za mbali.

Lakini katika mashirika mengi, zamu ya kupanda cheo hufuata orodha ya ukongwe kazini. Anayehama, hata akiwa na uzoefu mkubwa, mara nyingi huanza mkiani kwa mwajiri mpya. Kuhamahama kuna gharama isiyoonekana kwenye hati ya mshahara.

Kisha kuna mkataba. Mafunzo ya kurusha aina moja mahsusi ya ndege hugharimu maelfu mengi ya dola. Shirika likiyalipia, kwa kawaida humfunga rubani kulitumikia kwa miaka kadhaa, au arudishe fedha akiondoka. Ni vyema kujua kama deni hilo hupungua kila mwezi anaotumikia, na nini kitatokea endapo shirika litafungwa.

Swali hilo si la kufikirika. Jetlink ya Kenya ilisimamisha safari mwaka 2012. Fastjet, iliyoanza kuruka Tanzania mwaka huo huo, ilikoma mwishoni mwa 2018. Air Tanzania yenyewe ilizuiwa kuruka kwa muda mwaka 2008, kabla ya kufufuliwa kwa ndege mpya mwaka 2016. Hata mashirika tajiri ya Ghuba yalipunguza marubani mwaka 2020 kutokana na janga la korona.

Juu ya yote hayo kuna usalama. Mwombaji awaulize marubani waliomo: anayeahirisha safari kwa sababu ya hali mbaya ya hewa huungwa mkono, au huitwa ofisini kujieleza? Je, ndege yenye hitilafu husimamishwa, au rubani hubembelezwa amalize safari moja tu? Rubani mgeni, mwenye njaa ya saa na deni la familia, ndiye aliye rahisi zaidi kusukumwa.

Kwa hiyo, ndege kubwa na sare nzuri visiwe kigezo cha kwanza. Shirika linalofaa ni lile linalompa rubani saa za kutosha, mkataba unaosomeka na haki ya kusema hapana. Na kila saa aiandike vizuri kitabuni mwake, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.