Jodari, sangara na siri ya bondo (Sehemu ya 2)

Wiki iliyopita tuliishia katika mkondo wa Pemba, ndani ya boti ya kukodi iliyokuwa ikifuata kundi la ndege wanaopiga mbizi, na mgeni amesimama tezi akimrushia jodari chambo cha manyoya. Leo nimerudi nyumbani, Mwisenge, hapa Musoma. Bahari hatuna. Tunalo ziwa la maji baridi lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800, takriban nusu yake ikiwa upande wa Tanzania, na ndani yake yumo samaki ambaye kwa ukubwa na kwa hamaki ndiye jodari wetu. Namsema sangara.

Nataka kueleza kwa nini ufundi ule wa manyoya unamfaa sangara, na kwa nini faida yake yote inategemea kiungo kimoja kilicho tumboni mwake. Kila mchuuzi wa mwaloni anaijua bei ya kiungo hicho. Kazi yake tunaijua wachache. Ni bondo.

Kwa ambaye hakusoma sehemu ya kwanza, nirudie jambo moja. Mvuvi wa mshipi wa kawaida hutegemea uzito ulio mwishoni mwa uzi: risasi, jiwe, au chambo chenyewe. Akirusha, uzito huo ndio unaovuta uzi nyuma yake. Chambo cha manyoya hakina uzito wa kuvuta chochote. Ni ndoano iliyofungiwa manyoya ya kuku, singa za mkia wa mnyama na nyuzi chache zinazometameta, hata kikiwa majini kionekane kama kisamaki. Kwa hiyo uzito umehamishiwa kwenye mshipi, ambao ni mnene kama kamba ya kiatu. Mvuvi anaurusha mshipi, na ndoano inafuata. Aliyewahi kumtazama mtu wa Mara akilima kwa maksai ameshauona mwendo wenyewe katika mjeledi: mkono unakwenda nyuma, unangoja kamba ijinyooshe yote, kisha unakuja mbele na kusimama ghafla. Asiyengoja kamba inamchapa mwenyewe. Sijaona mfano bora wa kumfundishia mtu wa huku, na ninaamini mchunga maksai wa Butiama atajifunza kurusha kabla ya bwana wa mjini anayekuja na ufito wa bei ghali.

Fito hizo hupewa namba. Namba 5 inatosha samaki wa vijito vya milimani. Kwa jodari watu hubeba namba 12, na kwenye gurudumu la kukunjia uzi huweka akiba ya mita mia tatu au zaidi chini ya mshipi mnene. Akiba hiyo ni ya lazima, kwa sababu jodari akinasa hakimbilii pembeni, anakwenda chini, na haachi. Maumbile yake hayamruhusu kusimama. Hupumua kwa kuogelea mdomo wazi ili maji yapite kwenye matamvua, na misuli yake huhifadhi joto kuliko maji yanayomzunguka, jambo ambalo samaki wengi hawaliwezi. Ndugu yake mdogo, sehewa, hana kabisa kile kifuko cha hewa cha tumboni. Akiacha kuogelea, anazama. Ila kwa kukosa kifuko hicho anapanda na kushuka apendavyo, leo juu ya maji, punde kilindini, wala hadhuriki.

Sangara ni kinyume chake. Huyu ni mviziaji. Hujibanza kwenye miamba, na jicho lake linalong'aa gizani kama la paka linamsaidia kuwinda jua likishazama. Kisamaki kinapopita karibu, mdomo hufunguka kwa ghafla na maji hufyonzwa pamoja na windo. Mbio zake ni fupi na kali. Hutikisa kichwa, mara nyingine huruka nje ya maji, kisha huchoka mapema kuliko jodari. Kwa mvuvi wa manyoya hizi ni habari njema. Hahitaji boti ya kasi wala kufukuzana na ndege. Anahitaji kujua jiwe lilipo, na kufika hapo kimya.

Mawe tunayo. Pwani yote ya Musoma ni majabali ya matale yaliyorundikana hadi ndani ya maji, na visiwani Lukuba ni hivyo hivyo. Shida ya majabali ni kwamba yanakula ndoano, kila mvuvi wa hapa anajua. Dawa yake ilibuniwa Marekani miaka ya 1980 na fundi aitwaye Bob Clouser. Alifunga macho mawili ya risasi upande wa juu wa shingo ya ndoano, na uzito huo ukaigeuza, ncha ikatazama juu. Chambo kinashuka kwa kichwa, kinapanda kinapovutwa, kinashuka tena, na ncha haigusi jiwe. Fundi akifunga chenye rangi ya fedha, sangara ataona dagaa. Akifunga cheusi kinene, ataona furu. Kati ya chambo na mshipi huwekwa kipande cha nailoni nene, kwa sababu kinywa cha sangara kina vijino vingi vidogo vinavyosugua kama msasa, na mashavu yake yana kingo zinazokata.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana historia ya samaki huyu na ufito ni moja, na hapa Mwisenge inafaa tuijue. Mwaka 1934, Julius, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Butiama, aliandikishwa Shule ya Mwisenge akiwa na miaka 12. Mwanzoni mwa mwaka huohuo mwandishi Ernest Hemingway, akitoka kuwinda Tanganyika, alikuwa Malindi akivua samaki wakubwa wa bahari kwa ufito. Wakati huo, katika ziwa ambalo kijana Julius alikuwa akiliona kila siku akiwa shuleni, hapakuwa na sangara hata mmoja. Watu walikula ngege, ningu, hongwe, kamongo, na furu wa kila rangi.

Mchezo ule wa kina Hemingway ndio uliokuja kumvuta sangara. Katika miaka ya 1950 maofisa wa Uganda waliosimamia wanyamapori na uvuvi walikuwa na hoja mbili. Ya kwanza, furu ni wadogo na wana miba, basi afadhali waliwe na samaki mkubwa, nasi tumle yeye. Ya pili, wapenzi wa ufito wapate samaki wa kupambana naye. Sangara akatolewa Ziwa Albert na kutiwa kimyakimya upande wa Jinja mwaka 1954. Mwaka 1960 mwanasayansi Geoffrey Fryer aliandika kuonya kwamba kumwingiza mlaji mkubwa namna hiyo ni hatari kwa samaki wa asili. Hakusikilizwa: mwaka 1962 na 1963 wengine wakaongezwa, mara hii waziwazi, Entebbe na Kisumu. Ilipofika miaka ya 1980 sangara alikuwa amefurika ziwa zima. Furu waliokuwa na mamia ya aina, wengi wao wasiopatikana mahali pengine duniani, wakatoweka aina baada ya aina, na wanasayansi waliokuwa wakiwachunguza Ghuba ya Mwanza waliushuhudia msiba huo kwa macho yao. Mimi nauita msiba, ingawa najua sangara huyohuyo ndiye aliyejenga nyumba nyingi za mtaani kwetu na kuwalipia watoto karo.

Ufito wenyewe ulisahauliwa. Samaki aliyeletwa kwa ajili ya mchezo akawa wa makila, kokoro, ndoano za kutega na viwanda vya minofu. Mchezo ulibaki pembezoni: Rubondo, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu 1977, visiwa vya Rusinga na Mfangano upande wa Kenya, chini ya maporomoko ya Murchison huko Uganda, na Lukuba, ambayo sisi wa Musoma tunaifikia kwa boti. Sangara mkubwa kuliko wote katika rekodi za dunia za uvuvi wa ufito alipatikana Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000, kilo 104.

Hoja ya wanaotaka mchezo huo ukue ni nyepesi kueleweka. Watalii wa Serengeti wanaotokea lango la Ndabaka, wilayani Bunda, wameshafika kando ya ziwa. Akibaki mmoja wao siku mbili, atalipa boti, mafuta, nahodha, mpishi na kitanda. Sangara anapigwa picha na kurudishwa majini, na kesho anavuliwa na mgeni mwingine. Naiunga mkono hoja hii. Ila kwenye neno "kurudishwa" ndipo bondo linapoingia.

Bondo ni kifuko cha hewa. Sangara hulitumia kusawazisha uzito wake asizame wala asielee. Kifuko chake kimeziba, hakina mlango wa kutolea hewa mdomoni. Hewa huingia na kutoka kupitia damu, polepole, kwa saa nyingi. Sasa fikiri anavutwa juu kwa dakika tano. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo karibu sawa na ule wa anga lote lililo juu yetu. Hewa ya bondo la samaki aliyetolewa mita 20, akifika juu, inataka kuchukua nafasi zaidi ya mara 3 ya ile ya mwanzo. Akitolewa mita 40, ambao ndio wastani wa kina cha ziwa letu, ni zaidi ya mara 5. Na kwa kuwa ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, kutanuka huko ni kukubwa kuliko kungekuwa Pemba kwa kina kilekile. Tumbo linajaa, utumbo unasukumwa hadi kinywani, macho yanatoka. Ukimwachia anaelea ubavu, hawezi kushuka, na mwewe wanamwona kabla boti haijageuka.

Boti inayomtoa sangara mita 30, ikapiga picha na kumtupa majini, imemuua. Afadhali imchukue ikamle.

Na wanaokufa hivyo ni wale tunaowahitaji zaidi. Sangara wakubwa sana karibu wote ni majike, na jike kubwa hutaga mayai kwa mamilioni. Ndiyo sababu kwa miaka mingi viwanda viliwekewa kipimo cha sentimita 50 hadi 85: mdogo aachwe akue, mkubwa aachwe azae. Lakini bondo la samaki mkubwa ndilo linalotafutwa na wanunuzi wa Hong Kong na China, ambako hukaushwa na kupikwa supu ya heshima, na bei yake imeifanya nyama ionekane kama ziada. Kiungo kilekile kinachomzuia jike kurudi kilindini ndicho kinachomfanya asiachwe.

Msomaji anaweza kuniuliza: huyu si ndiye aliyewamaliza furu, kwa nini umhurumie? Jibu langu ni kwamba hatuwezi tena kumtoa, na maisha ya mialo mingi yamefungwa kwake. Na furu walionusurika, baadhi yao wamejificha humohumo kwenye majabali.

Kwenye shida hii ya bondo ndipo chambo cha manyoya kinapopata heshima yangu. Kwa namna kilivyo, hakifiki mbali chini. Mvuvi wake anafanya kazi kwenye mita 3, 4, labda 6, kando ya mawe, alfajiri na magharibi, sangara anapopanda kuwinda. Samaki wa kina hicho anarudi majini akiwa mzima, mradi ndoano imesagwa kikwi chake, kile kijino cha nyuma ya ncha, na mikono imelowa kabla ya kumshika. Majira nayo yanasaidia. Kuanzia kama Oktoba hadi Aprili maji ya juu hupata joto na kukaa tabaka lake, na ya chini huishiwa oksijeni. Sangara hawezi maji yasiyo na oksijeni, kwa hiyo anabanwa juu. Juni na Julai upepo wa kusini-mashariki huyavuruga maji, oksijeni ikafika chini, naye akashuka. Boti ya wageni ingepangwa kwa kalenda hiyo.

Nilimweleza haya mzee mmoja mwaloni, mvuvi wa ndoano za kutega tangu ujana, aliyekuwa amekaa juu ya jiwe akitia chambo ndoano moja baada ya nyingine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Leo umekuja na maneno mengi."

Alisikiliza mpaka mwisho, hasa habari ya hewa. Akasema yeye siku zote alidhani samaki anavimba kwa hasira. Kisha akauliza kama aliyevimba anaweza kuokolewa, nikamwambia wenzetu baharini huwashusha kwa uzito: wakimrudisha kilindini haraka, mgandamizo unaikaza hewa tena, naye anaogelea zake. Hakunijibu. Aliokota jiwe la nanga lililokuwa miguuni pake, akalifunga kamba, juu yake kwenye kamba hiyo akafunga ndoano kubwa iliyosagwa kikwi na kugeuzwa kichwa chini.

"Namtia hapa kwenye mdomo," akasema, "jiwe linamshusha. Akifika kwao navuta kamba, ndoano inachomoka yenyewe. Si hivyo?"

Ndivyo hasa.

Itaendelea wiki ijayo: namna ya kufunga chambo cha manyoya kwa vitu vinavyopatikana soko la Musoma.