Vittorio Pozzo: Kutoka Uwanjani hadi Ukufunzi wa Mabingwa

Wahenga walinena kuwa mwanzo wa ngoma ni lele. Kauli hii inasadifu maisha ya Vittorio Pozzo, aliyezaliwa mjini Turin, Italia, mwaka 1886. Pozzo hakuvuma kama mchezaji. Alicheza kwa muda nchini Uswisi, akashiriki kuiasisi klabu ya Torino mwaka 1906, na kuichezea hadi 1911. Mwaka 1912 aliiongoza timu ya taifa katika Michezo ya Olimpiki mjini Stockholm, ikabwagwa na Finland mabao 3-2 katika mechi yake ya kwanza.

Ufanisi wake ulidhihirika baada ya kukabidhiwa tena timu hiyo mwaka 1929. Wakati huo, aghalabu washambulizi watano walisimama mbele katika mstari mmoja. Pozzo aliwarudisha nyuma kidogo wawili wa ndani ili wawasaidie viungo watatu. Mhimili wa mfumo huo ulikuwa kiungo wa kati, Luis Monti, mzaliwa wa Argentina aliyekuwa ameichezea nchi hiyo katika fainali ya Kombe la Dunia mwaka 1930. Italia ililitwaa kombe hilo mwaka 1934 kwa kuilaza Chekoslovakia 2-1 mjini Roma, na tena mwaka 1938 kwa kuicharaza Hungaria 4-2 mjini Paris. Kati yake, mwaka 1936, ilinyakua dhahabu ya Olimpiki mjini Berlin. Hadi leo, hakuna mkufunzi mwingine aliyetwaa Kombe la Dunia la wanaume mara mbili.

Hata hivyo, ushindi huo una doa. Ulipatikana chini ya utawala wa Mussolini, aliyeitumia kandanda kuutukuza ufashisti. Mwaka 1938 wachezaji wa Pozzo walipiga saluti ya kifashisti huku watazamaji wakiwazomea. Ni muhali kuitenga sifa ya mkufunzi na siasa iliyoufadhili ushindi wake.

Pozzo aling'atuka mwaka 1948, akashika kalamu ya uandishi wa habari. Tarehe 4 Mei 1949, ndege iliyowabeba wachezaji wa Torino ilianguka kwenye kilima cha Superga, wakafa watu wote 31. Wengi wa wachezaji hao aliwahi kuwafunza katika timu ya taifa, naye ndiye aliyeitambua miili yao. Mwasisi wa klabu akawa shahidi wa msiba wake. Pozzo alifariki mwaka 1968.