Mkono wa Sonara na Mashine ya Kuchora

Katika kazi za mikono ambazo watu wa visiwa vyetu wamezienzi tangu zamani, usonara una mahali pake pa heshima. Bibi harusi hatolewi bila ya pambo, na mama aliyeachiwa kekee au furungu la fedha na wazee wake hulihifadhi kama mtu anavyohifadhi hati ya nasaba. Lakini tunayotaka kuyazungumza leo si ya harusi. Ni mabadiliko makubwa yaliyoingia katika kazi hii ulimwenguni, nayo yanatugusa tutake tusitake: kompyuta na mashine zimeshika sehemu ya kazi ambayo kwa karne nyingi ilikuwa ya jicho na vidole vya fundi.

Yafaa kwanza msomaji aifahamu kazi yenyewe. Njia kongwe ya kusubu dhahabu ni ile ya nta. Sonara huchonga umbo la pete kwa nta, huifunika kwa plasta, na huiweka katika tanuri mpaka nta ikayeyuka na kuungua yote. Ndani ya plasta hubaki uwazi wenye umbo la pete, na humo ndimo inamomiminwa dhahabu iliyoyeyuka. Njia hii ina umri wa maelfu ya miaka, lakini ina kasoro moja: kielelezo cha nta hupotea kila mara, na fundi akitaka pete ya pili hana budi aanze upya.

Katika miaka ya 1930, mvumbuzi aitwaye T. G. Jungersen alishughulikia kasoro hiyo. Alitumia kalibu ya mpira ambayo humo nakala nyingi za nta ziliweza kutolewa kutokana na kielelezo kimoja. Alipewa haki ya uvumbuzi huko Marekani, lakini mwaka 1949 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba haki hiyo si halali, kwa kuwa alichofanya ni kuunganisha njia zilizokwisha kujulikana. Basi kila karakana ikawa huru kuitumia njia hiyo. Hata hivyo, kielelezo cha kwanza kilibaki kuwa kazi ya mkono.

Hapo ndipo kompyuta ilipoingia. Mwaka 1963, katika chuo cha MIT huko Marekani, Ivan Sutherland alionesha programu iliyomwezesha mtu kuchora juu ya kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga. Katika miaka hiyo hiyo huko Ufaransa, Pierre Bézier wa kampuni ya magari ya Renault alikuwa akitengeneza hesabu za kuchora mikunjo ya mabodi ya magari. Nani angalidhani kwamba hesabu za bodi la gari zingekuja kuchora mkunjo wa kipuli? Mwaka 1984 Charles Hull aliomba haki ya uvumbuzi wake wa kugandisha utomvu wa maji kwa mionzi, tabaka juu ya tabaka, mpaka kitu kizima kikajengeka. Haki hiyo aliipata mwaka 1986. Katika miaka ya 1990 zikatokea programu zilizotungwa makhsusi kwa masonara, na mashine za kujenga vielelezo kwa nta yenyewe. Katika karne hii zimekuja mashine ndogo za kuwekwa juu ya meza, na bei yake imeshuka sana kuliko ile ya mwanzo.

Faida zake si za kubezwa. Tabaka moja la mashine hizo huweza kuwa jembamba kuliko unywele wa binadamu. Mchoro ukishakamilika, kompyuta hujua ujazo wa pete kabla ya gramu moja ya dhahabu kuyeyushwa. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ya karati 18 ina uzito wa gramu 15 na nusu hivi. Kwa hiyo pete yenye ujazo wa nusu ya hiyo itakuwa na gramu 7 na robo tatu, na mteja ataambiwa bei yake palepale. Akiiona nzito kuliko uwezo wake, fundi hupunguza unene katika mchoro, wala hakuna kilichoharibika.

Lakini tusidanganyike kwamba mashine inamaliza kazi. Inatoa kielelezo tu. Dhahabu ikitoka katika plasta huwa chafu na yenye mikwaruzo. Ni lazima ikatwe, ipigwe tupa na ing'arishwe, na jiwe lishikizwe kwa vijino ambavyo vikibanwa mno hulivunja, na vikilegea hulipoteza. Tena madini hunywea yanapopoa, kwa hiyo anayechora asiyewahi kusubu atatoa pete isiyoingia kidoleni. Kwa hakika mchoraji bora wa kompyuta ni yule aliyekwisha kuunguza vidole vyake mbele ya tanuri.

Sasa, yote haya yanatuhusu nini sisi wa visiwani? Yanatuhusu kwa mambo mawili.

La kwanza ni riziki. Mapambo yanayotoka viwandani, mengi yakipitia Dubai na masoko mengine ya Ghuba, hutengenezwa kwa maelfu kwa njia hizi. Sonara anayechonga kila kielelezo kwa mkono hawezi kushindana nayo kwa bei. Akikosa njia ya kujiendeleza, ataishia kuwa mtu wa kuunga mikufu iliyokatika, na kijana wake hataona sababu ya kurithi kazi hiyo.

La pili, nalo twaliona kubwa zaidi, ni nakshi zenyewe. Mashine ni ya yeyote mwenye fedha za kuinunua, lakini ruwaza ni mali ya watu walioibuni. Mama akipatwa na shida huuza kekee lake kwa uzani. Mnunuzi hulipia fedha iliyomo, halipii nakshi. Na likishayeyushwa, kazi ya fundi aliyekwisha kufariki hupotea isirudi tena. Wakati huo huo, mgeni yeyote aweza kulipima pambo kama hilo kwa chombo cha mwanga, akaondoka na umbo lake ndani ya kompyuta, na kiwanda cha mbali kikalitoa kwa maelfu. Haitakuwa ajabu siku moja mtalii akauziwa Mji Mkongwe "pambo la Zanzibar" ambalo halikuguswa na mkono wa Mzanzibari hata mmoja.

Lakini chombo hicho hicho chaweza kutufaa sisi. Kekee likipimwa kabla ya kuuzwa, fedha yaweza kuyeyuka na umbo likabaki. Kwa hiyo twapendekeza kwa wanaohusika na makumbusho na utamaduni kwamba kazi ya kwanza isiwe kununua mashine za gharama. Iwe ni kukusanya na kupima ruwaza za zamani za Unguja na Pemba, na kuandika jina la pambo, mahali lilipotoka na namna lilivyovaliwa.

Kazi ya pili ni mafunzo. Tunavyo vituo vya mafunzo ya amali Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji. Mashine moja ya shirika, inayotumiwa na masonara wengi kwa zamu, ingefaa kuliko mashine kumi zilizofungiwa ofisini. Wafundishwe kwanza masonara wenyewe pamoja na vijana wao, kwani ni rahisi kumfundisha fundi kompyuta kuliko kumfundisha mtu wa kompyuta usonara.

Mfano wa karibu ni akina mama wa Fumba na Bweleo, ambao wamekuwa wakifuga chaza na kutengeneza mapambo ya lulu nusu na ya makombe. Lulu nusu hazilingani. Kila moja ina upana wake na mbonyeo wake. Kikalio cha kiwandani cha kipimo kimoja hakiwezi kuzikaa zote. Kompyuta yaweza kukichora kikalio kwa kipimo cha lulu ileile iliyopo mkononi, na sonara wa hapa hapa akakisubu na kuishikiza lulu humo. Hivyo ndivyo thamani ya lulu ingezidi kabla haijapanda meli.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Chanda tunacho, na nakshi tunazo, lakini kila mwezi baadhi yao zinaingia katika chungu cha kuyeyushia. Wenye madaraka wasingoje mpaka kisalie kimoja ndipo wamtafute mtu wa kukipima.